Siku Nne Nje ya Ghala

Nilikatwa mshahara wa siku nne, na kwenye faili langu ikaandikwa sababu kwa neno moja: utoro. Hela iliniuma, sikatai. Lakini neno lile liliniuma zaidi, maana siku zote nne nilifika kazini mlinzi hajamaliza kufagia geti, nikasaini daftari, nikakaa pale pale mbele ya ghala mpaka jioni. Mtoro gani huyo anayeketi mlangoni kwa tajiri wake, kila anayepita anamwona? Nilichokataa ni kuingia ndani tu.

Mimi nina mdomo. Nasema mapema ili usije ukanihurumia kuliko ninavyostahili. Mama yangu kule Mlali anasema nilizaliwa nikibishana na mkunga. Kazi yangu iko Dakawa, kwenye ghala la mchele, nashona midomo ya magunia. Makuli wanajaza, mzani unapima, mimi napitisha mashine ya mkononi, gunia linafungwa na kubebwa. Huu ni mwaka wa saba. Msimu wa mavuno vumbi la pumba linaingia mpaka kwenye kope. Si kazi ya kuwatambia wakwe, lakini ina mkataba, na imenisomeshea watoto wawili.

Msimamizi wetu ni Mnyamwezi wa Tabora, na mimi ni Mluguru. Kwa hiyo ni mtani wangu. Babu zetu walishamalizana huko zamani, sisi tumerithi matusi. Mtani anakula chapati yako mbele ya macho yako na huruhusiwi kununa. Kila asubuhi aliniuliza kama nimeshuka mlimani kwa miguu au nimeviringika pamoja na mikungu ya ndizi. Mimi nilimwuliza kama mzigo wa msafara ameshautua, maana kichwa chake bado kimebonyea. Watu walikuwa wanachelewesha chai ili watusikilize.

Usidhani ni mchezo mtupu. Baba yangu alipofariki, mtani huyu alipanda gari mpaka Mlali, akavaa kofia ya marehemu, akachukua fimbo yake, akachechemea mbele ya wafiwa jinsi baba alivyokuwa anachechemea, akidai kwamba marehemu kaondoka na hela yake ya kahawa. Mama alikuwa hajatia kitu mdomoni siku mbili. Alicheka mpaka machozi, kisha akaomba uji. Halafu mtani akavua ile kofia, akaenda kushika jembe pamoja na wachimba kaburi, hakutania tena mpaka tulipozika.

Tatizo ni kwamba tulizoea mno. Kwa miaka yote ile sikumbuki kama tuliwahi kuzungumza jambo la kazi uso mkavu. Nikitaka ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali, nilimwambia leo namnyima Mnyamwezi uso wangu mzuri, ajue pa kulia. Mashine ikikwama, nilimwambia mashine imenusa jasho lake ikazimia. Yeye alilichambua neno, akatoa makapi, akabaki na punje. Ruhusa nilipata, fundi aliitwa. Sijawahi kuandika barua hata moja.

Sasa mwaka huo fukusi, wale wadudu wanaotoboa nafaka, walituingilia. Tajiri akaleta mpiga dawa, kijana mpole mwenye kinyago na sanduku la vidonge. Vile vidonge vinawekwa chini ya maturubai katikati ya shehena, vinatoa hewa ambayo huioni, na hiyo hewa inaua kila kinachopumua. Mpiga dawa alitukusanya mwenyewe kutuonya. Milango isiguswe mpaka arudi. Atafungua, ataacha ghala lipigwe na upepo, atapima kwa kifaa chake, ndipo watu waingie. Alirudia mara mbili, akaondoka kwenda kazi nyingine Ngerengere.

Hakurudi yeye, likaja lori. Mnunuzi wa Dar alileta semitrela ya kwanza kati ya tatu kabla ya siku aliyoahidi, na dereva hakutaka kulala. Tajiri, ambaye si mtu mbaya ila ana haraka ya kudumu, akapiga simu: fungueni, pakieni. Msimamizi akafungua mlango mkubwa mmoja. Harufu ikatoka, kama kitunguu saumu kilichochanganywa na dagaa walioharibika. Pale kizingitini walikuwa wamelala panya watatu, mmoja kafa na mdomo wazi. Niliwatazama wale panya.

Nilijua kabisa ninachotaka kusema. Nilitaka kusema: humu ndani kuna sumu, mimi siingii, na ninyi msiingie. Ni maneno machache, hata mtoto wa chekechea angeyasema. Lakini mtani wangu alikuwa mbele yangu, makuli wamesimama wanangoja kama kawaida, na mdomo wangu ukashika njia uliyoizoea. Nikasema kwa sauti, "Nyie Wanyamwezi mmeshindwa kutumaliza kwa njaa, sasa mmekuja na dawa ya panya. Mimi siingii. Kamwingize mama mkwe wako, ndiye aliyeichoka dunia."

Watu walicheka. Kuli mmoja, jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji, baba wa watoto watatu, alicheka mpaka akajishika magoti. Msimamizi naye akacheka, akanijibu kwamba Mluguru akiona gunia huumwa tumbo, na kwamba kazi mbaya si mchezo mwema. Kisha akawapungia mkono makuli. Wakaingia wanacheka.

Mimi sikuingia. Nilitandika gunia tupu ukutani, penye kivuli, nikakaa. Mashine ya kushonea akapewa mtu mwingine. Kwenye kikapu changu nilikuwa na ukili wa mkeka, nikautoa nikaanza kusuka, maana mikono yangu haijui kukaa bure. Baada ya kama saa moja msimamizi alipita na kreti ya maziwa ya pakiti, akawagawia makuli mmoja mmoja, akiwaambia wanywe upesi. Kwetu kila mtu anaamini maziwa yanakata sumu. Alinikaribia na mimi, akanyoosha pakiti. Nikamwambia sijala sumu, sihitaji maziwa. Hakucheka, akaondoka na pakiti yake.

Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Nikasaini, nikakaa, nikasuka. Nilimwambia msimamizi anipe kazi ya nje, hata kufagia uwanja au kushona viraka kwenye magunia mabovu. Akasema hakuna kazi ya nje, lori la pili linangoja. Makuli walitoka mara kwa mara wakilalamika kichwa. Wengine walisema ni jua, wengine wakasema ni njaa. Jirani yangu alikuja kukaa karibu nami akitema mate, akaniuliza mkeka wa nani. Nikamwambia wa kumlaza Mnyamwezi akifa. Akacheka tena, akarudi ndani. Hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo. Tulikuwa wawili tu, hakuna msikilizaji mwingine, ningeweza kumshika mkono nikamwambia kaa. Nilikuwa na hasira kwamba wote wameingia na kuniacha nionekane mvivu, na hasira hiyo nikaigeuza mzaha.

Siku ya tatu alianguka. Alitoka na gunia begani, akafika kwenye lori, akalitua vizuri kabisa, akakaa chini, akaanza kutapika maziwa aliyogawiwa asubuhi hiyo. Midomo ilikuwa imebadilika rangi na kifua kinakoroma. Tulimpakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili mpaka kituo cha afya. Daktari aliuliza tu anafanya kazi wapi, akatikisa kichwa. Hakufa. Namshukuru Mungu, na nasema tena, hakufa.

Siku ya nne mpiga dawa aliitwa mbio. Alipima mlangoni, kifaa kikalia, akatufukuza wote mpaka getini. Akafungua milango yote na madirisha ya juu, ghala likapigwa na upepo usiku na mchana. Siku ya tano alipima tena, akasema sasa ingieni. Nikanyanyuka na mkeka wangu uliokuwa umefika nusu, nikashika mashine, nikashona.

Mwisho wa mwezi ujumbe wa mshahara uliingia kwenye simu, pungufu. Nilikwenda kwa karani. Akafungua faili, akanigeuzia nisome. Utoro, siku nne. Nilimwuliza ni nani aliyeandika. Akasema ameagizwa na tajiri, na akaniambia kwa upole kwamba siku zikizidi hizo mtu anaweza kufukuzwa, hivyo nimshukuru Mungu nimekatwa tu. Nilitoka nje. Msimamizi alikuwa kwenye mzani. Nilimpita bila tusi hata moja, na makuli waliacha kupakia wakatutazama.

Ofisi ya kazi iko mjini Morogoro. Nilikwenda siku yangu ya mapumziko, nikiwa nimevaa kitenge cha harusini ili nisidharauliwe. Afisa alikuwa binti mdogo kwangu, akaniamkia shikamoo kabla sijaketi, moyo ukatulia kidogo. Nikamweleza. Alisikiliza vizuri, kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimewahi kuambiwa na mtu yeyote katika kazi yangu yote: mfanyakazi halazimishwi kuingia mahali ambapo ana sababu ya msingi ya kuamini patamuua. Akikataa kwa sababu hiyo, akamwarifu mkubwa wake papo hapo, akabaki tayari kwa kazi nyingine, huyo si mtoro, na mshahara wake haukatwi.

"Basi nimeshinda," nikasema.

"Bado, mama. Ulimwarifu?"

"Nilimwarifu mbele ya watu wote."

"Kwa maneno gani? Niambie yale yale, niyaandike."

Nilitazama dari. Nilitazama kalenda. Ikabidi niseme: Wanyamwezi, njaa, dawa ya panya, mama mkwe. Binti alianza kuandika, akaacha, akajifunika uso kwa faili. Alicheka, masikini, mabega yakamcheza. Na mimi nikacheka, kwa mazoea. Kisha akaishusha faili.

"Umeona tatizo lako?" akasema.

Nililiona. Nikajiona mjinga wa mwisho. Mdomo huponza kichwa, waliosema hawakukosea.

Tuliitwa ofisini kwake wote watatu, mimi, tajiri na msimamizi, wiki mbili baadaye. Tajiri alikuja na bahasha ya karatasi, akaniuliza hali ya mama yangu, na najua aliuliza kwa dhati. Lakini zamu yake ya kusema ilipofika, hakunionea huruma. Alisema, "Huyu mama namheshimu, ni mchapakazi. Lakini alitania, watu wakacheka, akatandika gunia akaanza kusuka mkeka. Mtu anayeogopa kufa anasuka mkeka?"

Ile hoja ilinipata kifuani. Hata mimi ningekuwa hakimu ningeiona nzito. Nilijibu kwamba mikono yangu haikai bure, kwamba niliomba kazi ya nje nikanyimwa, lakini sauti yangu ilikuwa ndogo. Simu yangu ya kitochi haipigi picha, wale panya walishazolewa, na maneno yangu mwenyewe yalikuwa kwenye karatasi ya afisa yakinisuta. Nilianza kuwaza nitamwambia nini mama, kwamba binti yake ameandikwa mtoro akiwa na umri huu.

Afisa akamgeukia msimamizi. Mtani wangu alikuwa amevaa shati jeupe, ananyonga kofia mikononi. Alikuwa hajanitazama tangu tuingie.

"Wewe ndiye uliyeambiwa," afisa akasema. "Ulielewa anatania?"

Akaendelea kunyonga kofia. Tajiri akakohoa. Nami hapo kitu kikanijia akilini, nikasema bila kuombwa, "Mwulize maziwa."

"Maziwa gani?"

"Aliwanunulia makuli maziwa siku ile ile ya kwanza. Mwulize ya nini."

Tajiri alimgeukia msimamizi haraka, nikajua kwamba habari ya maziwa hakuwa nayo. Msimamizi akaiweka kofia mezani.

"Nilinunua kwa hela yangu," akasema. "Nilielewa, mheshimiwa. Huyu akitania ananitazama usoni, anangoja nimjibu. Siku ile hakunitazama. Alikuwa anatazama panya. Nilijua anasema kweli tangu neno la kwanza."

"Sasa mbona ulicheka?"

"Nilicheka ili wale wengine wacheke. Niliona wamesita mlangoni. Nikajua wakicheka wataingia, na lori litapakiwa." Akafuta uso kwa kiganja. "Maziwa nilinunua baadaye, roho iliponisuta."

Tajiri alikunja ile bahasha yake mara mbili. Afisa aliandika kwa muda mrefu, kisha akatusomea. Taarifa ilitolewa na ilieleweka. Siku nne zilipwe. Neno utoro lifutwe. Na ghala lisifunguliwe tena bila cheti cha mpiga dawa. Tajiri alisaini bila kubisha, nadhani alishaogopa mambo makubwa zaidi.

Nilitegemea furaha. Nilikuwa nimeiota wiki mbili, jinsi nitakavyotoka pale kidevu juu. Nikatoka nikiwa na hasira kali kuliko niliyoingia nayo. Nilimkasirikia mtani kwa kunitumia. Utani wangu, nilioutoa kwa woga, yeye aliuokota akawafungulia wenzangu njia ya kuingia kwenye sumu. Halafu, tukiwa kwenye ngazi, nikakumbuka kwamba amesema ukweli ule mbele ya mwajiri wake, akiwa na watoto sita nyumbani, na hakuna aliyemlazimisha. Nikashindwa kujua nimtukane au nimshike mkono. Akasema, "Nisamehe." Nikamwambia nitafikiri. Mpaka sasa nafikiri.

Hela ilipoingia nilinunua sukari, mafuta ya kula na mchele wa kutosha wiki, nikavuka mfereji kwenda kwa jirani yangu kuli. Alikuwa amekaa kibarazani na shuka mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa amekonda. Kila akisema maneno mawili alipumzika. Mkewe alinipokea, akanivutia kigoda, akaingia kuchemsha chai.

Nikamsimulia habari za ofisini, nikamwigizia afisa alivyojifunika uso. Akatabasamu. Kisha akaniuliza, polepole, kama anayetaka kuelewa hesabu tu, "Kwa hiyo dada, ukikataa unalipwa?"

"Ukikataa kwa sababu ya hatari, ndiyo. Hawaruhusiwi kukukata."

"Na aliyekubali je?"

Yeye ni kibarua, analipwa kwa kila gunia analobeba, na kwa wiki tano hakuwa amebeba hata moja. Mimi niliyekaa kivulini nilikuwa nimelipwa siku zangu zote. Nilianza kumwambia kwamba twende pamoja kwa yule afisa, kwamba najua ofisi ilipo, nauli nitatoa mimi, na safari hii nitasema maneno yanayosemeka. Akaniambia atafikiri, ila Jumatatu anataka kujaribu kurudi ghalani, maana asipoonekana nafasi yake itachukuliwa.

Nikamwambia anisamehe. Niliisema hivyo hivyo, bila pambo, na ilinitoka kwa shida kuliko tusi lolote nililowahi kumtolea mtu. Nikamwambia siku ile nilipaswa kupiga kelele.

Akanitazama kwa mshangao, hakuwa na kinyongo hata kidogo.

"Lakini nilikusikia, dada," akasema. "Ulisema vizuri sana. Nilikuwa bado nacheka nilipobeba gunia la kwanza."